Leseni ya askofu na ibada ya mtaa: mwongozo kamili kwa mlei anayeongoza Jumapili

Parishi ya kijijini mkoani Dodoma si kanisa moja. Ni kanisa la parishi pamoja na mitaa yake, yaani makanisa madogo yaliyo chini yake, mingine iko karibu, mingine iko ng'ambo ya korongo ambalo likijaa maji mwezi wa Januari halivukiki mpaka kesho yake. Mchungaji ni mmoja na pikipiki yake. Jumapili saa tatu asubuhi atakuwa mahali pamoja tu. Kwingine kote anayefungua Kitabu cha Sala ni mlei, mwumini asiyewekwa kuwa kasisi: mkulima wa mtama na alizeti, mwalimu wa shule ya msingi, mama mwenye genge, karani mstaafu aliyerudi nyumbani kujenga.

Si jambo geni kwetu. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na tangu hapo kazi kubwa ya kuifikisha Injili katika vijiji vya Ugogo ilibebwa na walimu wa kanisa ambao hawakuwa na daraja takatifu. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1927, chini ya Askofu George Chambers, iliwakuta walimu hao kazini. Uamsho uliotokea Rwanda na kuenea Afrika Mashariki nao ulisukumwa sana na walei. Kilichobadilika ni macho ya waumini. Siku hizi kila mtu ana simu, kila mtu amesikia wahubiri wa kila namna, na watu wamechoka na waliojipeleka. Mtu akisimama mbele, swali la kwanza, hata kama hakuna anayelitamka, ni hili: huyu ametumwa na nani?

Leseni ndiyo jibu la swali hilo, na mwongozo huu ni wa kukusaidia kuifanyia kazi. Naandika kwa desturi ya Kianglikana. Mlutheri wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) atabadilisha majina machache tu na kuendelea kusoma. Mkatoliki atabadilisha zaidi, na mambo yake nitayagusa njiani.

Kabla ya yote: leseni inatoa nini

Katika zile Kanuni 39 za Imani za Kianglikana, ya 23 inasema si halali mtu kujitwalia kazi ya kuhubiri hadharani au kuhudumu sakramenti kabla hajaitwa na kutumwa kihalali. Walutheri wana neno lilo hilo katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 14. Maana yake ni kwamba karama uliyonayo haitoshi peke yake. Unaweza kuwa na sauti ya ngurumo na kuijua Biblia kuliko mchungaji, lakini bila kutumwa wewe ni mwumini mwenye karama, basi.

Leseni ni barua ya askofu. Ukiipata, isome yote kabla hujaipeleka kutiwa fremu. Tafuta ndani yake mambo haya: jina lako, kazi uliyopewa, mahali unapoifanyia, muda wake, saini na muhuri. Hapo kwenye kazi ndipo watu wengi wanapopita haraka. Kusoma masomo ni kazi moja. Kuongoza sala ya asubuhi na ya jioni ni nyingine. Kuhubiri ni nyingine. Kusaidia kugawa ushirika wakati mchungaji yupo ni nyingine tena. Barua inaweza kukupa moja, mbili au zote, na kile ambacho haikukitaja hukupewa. Mahali nako vilevile: leseni ya mtaa wako haikufanyi mhubiri wa parishi jirani. Ukialikwa huko, mchungaji wa huko na wako wazungumze kwanza.

Katekista na mwinjilisti ni kazi pana zaidi, kwa sababu wao huulea mtaa siku zote za wiki: mafundisho ya kipaimara, wagonjwa, ugomvi wa nyumbani, watoto. Kwa upande wa Wakatoliki, Papa Fransisko alifungua huduma za usomaji na uakoliti (kuhudumu altareni) kwa wanawake mwezi Januari 2021, na Mei mwaka huohuo akaweka rasmi huduma ya katekista. Jambo hili la mwisho lilistahili sherehe kubwa kuliko iliyofanyika, maana vigango vya vijijini, ndiyo mitaa yao, vimesimama kwa mgongo wa makatekista tangu enzi za babu zetu.

Hatua ya kwanza: acha mtaa ukuone

Usiandike barua ya kuomba leseni kama anayeomba kazi halmashauri. Njia ya kawaida ni mtaa kukuona, wazee wa kanisa wakamwambia mchungaji, naye akakuita. Kama hakuna aliyekuona, jiulize unaonekana ukifanya nini. Wanaofaa kwa kawaida tayari wanafanya kitu kisichopigiwa makofi: wanafagia kanisa Jumamosi, wanakwenda kwa bibi asiyeweza kutembea, wanafundisha watoto chini ya mti wakati watu wazima wako ndani.

Masharti ya msingi hayana siri. Uwe umebatizwa na kupata kipaimara, uwe unashiriki meza ya Bwana, usiwe umetengwa na kanisa, na maisha yako ya ndoa na ya fedha yasiwe na jambo ambalo wazee watalijadili kwa kunong'ona. Deni la duka ambalo hulilipi litakushusha mimbarini kuliko kukosea tafsiri ya Warumi.

Zungumza na mwenzi wako mapema. Kazi hii kwa kawaida haina mshahara, inakula Jumamosi jioni na Jumapili nzima, na msimu wa kilimo hautakuonea huruma. Mvua za kwetu huja mara moja kwa mwaka, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na Jumapili ya mvua nzuri mwenzako atataka kujua kama mnakwenda shamba au kanisani.

Hatua ya pili: jifunze, hasa kusoma kwa sauti

Dodoma tuna bahati ya kuwa na vyuo karibu: Chuo cha Theolojia cha Mtakatifu Filipo kipo Kongwa, na Msalato kipo kaskazini kidogo ya mji. Mlei wa mtaa mara nyingi haendi kukaa bwenini huko. Atahudhuria semina za dayosisi, au atasoma Theolojia kwa Enezi, ambapo unasoma kitabu nyumbani na kukutana na wenzako pamoja na mwalimu kwa siku zilizopangwa. Muulize mchungaji njia gani dayosisi yenu inaikubali kabla hujalipa ada popote. Cheti cha kozi ya mtandaoni ya kanisa usilolijua hakitamshawishi askofu.

Utakayofundishwa ni mengi: muhtasari wa Agano la Kale na Jipya, mafundisho ya imani, kalenda ya kanisa kuanzia Majilio, matumizi ya Kitabu cha Sala, kuandaa mahubiri. Yote yana faida. Mimi nitakaa kwenye moja ambalo mara nyingi hupewa saa moja tu: kusoma Maandiko kwa sauti.

Kanisani kwetu wapo wazee wasiojua kusoma, wapo walioacha miwani nyumbani, na wapo wengi wasio na Biblia mkononi. Kwao Neno ni lile litakalotoka kinywani mwako. Chukua somo la Jumapili, lisome nyumbani ukiwa umesimama, kwa sauti ileile utakayotumia kanisani. Biblia ya Union ina sentensi ndefu, kwa hiyo weka alama ndogo za penseli mahali pa kuvuta pumzi. Majina magumu yatamke mara kadhaa mpaka ulimi uzoee. Ukifika kwa Shealtieli na Zerubabeli katika Mathayo sura ya 1, pita kwa uhakika, usitabasamu wala kuomba radhi. Kisha mwombe mtu asimame mlangoni kabisa nawe usome ukiwa mbele. Asiposikia, tatizo kwa kawaida ni kasi kuliko sauti.

Tangaza kitabu, sura na mstari, subiri waliokuja na Biblia wafungue, ndipo usome. Usianze kueleza katikati ya somo. Na mvua ikianza kupiga mabati, acha. Hakuna koo linaloshindana na bati la Januari. Anzisha wimbo wanaoujua wote, mwimbe mpaka ipungue, kisha rudi mwanzo wa aya.

Hatua ya tatu: barua na kuwekwa

Hapa hakuna mengi. Halmashauri ya mtaa inaandika mapendekezo, mchungaji anaongeza yake, unaambatanisha vyeti vya ubatizo, kipaimara na mafunzo, bahasha inakwenda ofisi ya dayosisi. Toa nakala ya kila kitu; mafaili ya ofisini nayo hupotea. Ukikubaliwa, utawekwa katika ibada, na askofu au aliyemtuma atakuuliza maswali mbele ya watu, likiwamo la utii. Yasome maswali hayo mapema na uyajibu ukijua unachoahidi.

Kuhusu mavazi, fuata dayosisi yenu. Huduma ya msomaji, yaani mlei mwenye leseni kama yako, ilifufuliwa katika Kanisa la Uingereza mwaka 1866, na huko wasomaji huvaa skafu ya buluu juu ya vazi jeupe. Ukipewa, vaa. Stola, ule ukanda wa kitambaa wa shingoni, ni ya waliopewa daraja, usiivae hata kama fundi cherehani amekushonea bure.

Hatua ya nne: wiki kabla ya Jumapili

Ibada ya mtaa huharibika kuanzia Jumatano. Ikifika Jumapili asubuhi huwezi tena kuitengeneza, unaweza tu kuificha.

Mwanzoni mwa wiki angalia kalenda: ni Jumapili gani, masomo gani, rangi gani. Soma masomo yote, hata kama hutahubiri, kwa sababu nyimbo na sala lazima zitembee pamoja nayo. Katikati ya wiki wape wasomaji masomo yao kwa karatasi, si kwa kusema tu. Andika sura na mstari wa kuanzia na wa kuishia. Msomaji anayepewa somo kanisani, wakati wimbo wa pili unaimbwa, utamsikia.

Kisha kuna kwaya, na hapa uwe mpole lakini imara. Mtaa mdogo unaweza kuwa na kwaya ya vijana, ya kina mama na ya uinjilisti, na kila moja imekuja na nyimbo tatu na spika. Ukiwaachia, mahubiri yataanza saa sita mchana watoto wakiwa wamelala sakafuni. Kaeni na viongozi wa kwaya mapema mkubaliane: kila kwaya wimbo mmoja kabla ya Neno na zamu ya kuimba wakati wa sadaka, na hiyo nayo ifuate orodha. Wape kinamama wa ngoma nafasi yao ya kweli. Wimbo wa Kigogo na ngoma zake huwaamsha watu ambao wimbo wa kitabuni uliwalaza, na wengi wao wakisali kwa Kigogo ndipo husali kweli.

Jumamosi jioni mpigie mchungaji, hata kama mlipanga kila kitu. Mazungumzo hayahitaji kuwa marefu:

"Mwalimu, Bwana asifiwe. Korongo limejaa, kesho sivuki."

"Amina, baba mchungaji. Pole na safari. Basi tushike sala ya asubuhi?"

"Shikeni. Ushirika tutausogeza Jumapili ijayo. Na wale wazazi wa mtoto wa kubatizwa waambie wavumilie."

"Sawa baba. Mkate na divai navirudisha kabatini."

Hapo kila kitu kimekaa sawa: ibada haikufa, sakramenti haikuguswa na asiyeruhusiwa, na waumini wataambiwa kweli. Usiwafiche kwamba mchungaji hakuweza kuja. Watu wa Dodoma wanalijua korongo.

Hatua ya tano: Jumapili yenyewe

Fika saa nzima kabla. Fungua madirisha, weka alama za kurasa kwenye Biblia na Kitabu cha Sala, hesabu viti vya wageni, jaribu kipaza sauti kama kipo. Kaa na wazee na wasomaji mwombe pamoja, mpitie mfuatano mara moja. Anza saa iliyotangazwa hata kama ndani kuna watu wanane. Ukianza kwa kusubiri, Jumapili ijayo watachelewa zaidi, na wale wanane waliowahi utakuwa umewaadhibu.

Sala ya asubuhi ina mwendo wake, na ukiuelewa hutapotea hata ukurasa ukipeperuka. Tunakuja mbele za Mungu kwa maneno ya kufungua, tunaungama, tunasifu kwa Zaburi ya 95, tunaimba au kusoma zaburi za siku, tunasikia Agano la Kale, tunajibu kwa wimbo, tunasikia Agano Jipya, tunajibu tena, kwa kawaida kwa wimbo wa Zakaria katika Luka 1, tunaikiri Imani ya Mitume, ndipo tunaomba. Kwanza kusikia, kisha kujibu. Usiruke zaburi ili kuokoa muda huku matangazo yakichukua nusu saa.

Mambo mawili yanamtofautisha mlei na kasisi katika ibada hiyo, na yote yamo katika viwakilishi. Baada ya ungamo, kasisi hutamka ondoleo la dhambi kwa watu. Wewe hutamki. Unabaki upande wa watu na kuomba pamoja nao msamaha na amani. Desturi ya Kianglikana iliyoenea ni kutumia ile sala ya Jumapili ya 21 baada ya Utatu. Mwishoni nako, kasisi hubariki: "Bwana awabariki." Wewe unasema "atubariki", na ile Neema ya 2 Wakorintho 13:14 unaisema "ukae nasi sote". Na mkono usiuinue juu ya watu. Wapo watakaokuambia hayo ni mambo madogo. Waumini wazee huyasikia mara moja, na ni wao watakaompigia mchungaji simu.

Sala za maombezi ziandae kwenye karatasi. Ombea kanisa, nchi na viongozi wake kwa vyeo vyao, mvua au mavuno kulingana na msimu, wagonjwa, wafiwa. Wagonjwa wataje kwa majina ikiwa familia imekubali, lakini ugonjwa usiutaje. Ukisema mbele ya watu kwamba tumwombee fulani na kifua chake cha muda mrefu, umeshatangaza jambo ambalo daktari asingelitangaza.

Sadaka. Kijijini kwetu fedha taslimu ni chache, hasa kabla ya mavuno, kwa hiyo kikapu kitapokea noti chache na madhabahuni kutakuja kuku aliyefungwa miguu, sado ya karanga, debe la mtama, mayai kwenye kanga. Baada ya ibada kuna mnada. Simamia mambo matatu. Mnada ufanyike nje baada ya baraka, si katikati ya ibada. Anayenadi asimdhihaki aliyeleta mayai mawili. Na wewe kiongozi ukitaka kununua, taja bei mbele ya watu kama wengine na ulipe papo hapo. Fedha zihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, ziandikwe kitabuni, watie saini, zikae kwa mtunza hazina. Mfuko wa sadaka usilale nyumbani kwako hata usiku mmoja, na anayekusukumia kwa kusema "tunakuamini, mwalimu" hakusaidii.

Akiingia mlevi katikati ya ibada, wewe endelea. Mzee mmoja wa kanisa, aliyepangwa kabla, ndiye anayenyanyuka, anamshika mkono, anamketisha karibu na mlango.

Hatua ya sita: kuhubiri, kama leseni inaruhusu

Kama hairuhusu, soma hotuba uliyopewa na mchungaji, na useme ni yake. Hakuna aibu. Wakatoliki watakumbuka pia kwamba homilia, yaani mahubiri, ndani ya Misa ni ya padre au shemasi. Katika ibada ya Jumapili pasipo padre, ambayo Roma iliitolea mwongozo mwaka 1988, katekista hufuata alichoelekezwa na paroko.

Kama inaruhusu, chagua fungu moja kati ya masomo ya siku na ukae nalo. Dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha sana. Andika sentensi moja inayosema fungu hilo linatangaza nini kuhusu Mungu, na kila unachotaka kuongeza kipime nayo. Mfano wa shambani ukifaa tumia, lakini usimtumie jirani. Ukisema "kuna mama mmoja hapa kijijini", kijiji kizima kimeshamjua kabla hujamaliza sentensi.

Kijiji chenye wazee wengi hubiri kwa Kiswahili chepesi, na kiini cha ujumbe ukirudie kwa Kigogo, wewe mwenyewe au kwa mkalimani. Salamu ya "mbukwenyi" peke yake haitoshi kuwa tafsiri. Kuna bibi aliyekaa kwenye jamvi upande wa kushoto ambaye miaka yote husubiri hayo maneno machache ya mwisho.

Mambo ya kuacha nje: chama na mgombea, ugomvi wa halmashauri, na uponyaji wa kuahidi. Omba kwa ajili ya wagonjwa kwa imani yote uliyonayo, lakini usimwambie mtu yeyote aache dawa za hospitali, ziwe za shinikizo la damu, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI. Hiyo siyo kazi uliyopewa, na mtu akifa, askofu hataweza kukutetea wala hapaswi.

Mpaka wako uko wapi

Meza ya Bwana: huadhimishi. Hata waumini wakikosa ushirika miezi miwili, hata wakikubembeleza, hata divai ikiwa kabatini. Ukipewa kibali cha kusaidia kugawa, unasaidia kasisi akiwapo, au unampelekea mgonjwa kile kilichowekwa wakfu ikiwa askofu ameruhusu. Ukishika kikombe, kishike kwa mikono miwili, mpe mtu nafasi ya kukielekeza mwenyewe, futa ukingo kwa kitambaa safi na ukizungushe kidogo kabla ya anayefuata. Kinachobaki baada ya ibada kinaliwa na kunywewa palepale kwa heshima. Hakirudi kwenye chupa wala hakigawiwi watoto kama vitafunio.

Ubatizo: msubiri mchungaji, isipokuwa mtoto au mtu yuko hatarini kufa. Hapo mkristo yeyote anaweza kubatiza, na unapaswa kujua namna. Mimina maji kichwani ukitaja jina lake na kusema, "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Andika tarehe, saa, mahali, jina la mtoto, la wazazi na la shahidi, na umjulishe mchungaji siku hiyohiyo. Akipona hatabatizwa tena. Ataletwa kanisani kupokelewa. Wakunga na wahudumu wa zahanati walio waumini wafundishwe jambo hili, maana wao ndio watakaokuwapo saa nane usiku.

Ndoa: hapa watu huchanganya leseni mbili. Ya askofu ni ya kanisa. Kufungisha ndoa kunahitaji leseni nyingine ya serikali anayopewa kiongozi wa dini chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na sheria hiyohiyo inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku zisizopungua 21 kabla. Wewe unaweza kusoma matangazo ya ndoa kanisani kwa Jumapili ulizopangiwa, na mtu akileta pingamizi unaliandika na kulipeleka kwa mchungaji bila kulijadili hapo. Zaidi ya hapo ni kuwaombea tu.

Mazishi ndiyo yatakayokukuta mara nyingi bila taarifa. Mtu amefariki usiku, jua la Dodoma ni kali, familia inataka kuzika kesho alasiri na mchungaji yuko mkutanoni mjini. Mpigie, pata ruhusa kwa mdomo au kwa ujumbe wa simu, uhifadhi ujumbe huo. Kaa na familia kabla: ni nani atasoma wasifu, nani atatoa shukrani, mambo gani ya ukoo yanafanyika na saa ngapi. Soma liturujia ya mazishi kama ilivyo. Usihukumu marehemu amekwenda wapi, wala usigeuze kaburi kuwa mkutano wa injili wa kuwatisha waliobaki. Ikiwa marehemu alikuwa ametengwa na kanisa, usiamue mwenyewe kumzika kikanisa wala kukataa. Hiyo ni simu ya mchungaji, na mpaka ijibiwe wewe nenda kakae msibani kama jirani.

Mtu akitaka kukuungamia siri, msikilize kama ndugu, mwambie wazi kwamba huwezi kutamka ondoleo, na umpeleke kwa kasisi akitaka. Ulichosikia kibaki kwako. Kinachohusu mtoto anayeumizwa hakiwi siri: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, ustawi wa jamii na polisi wapo, na mchungaji aambiwe siku hiyo. Darasa la watoto lisiwe na mtu mzima mmoja peke yake chumbani, hata kama ni wewe, hata kama ni mama yako.

Kuandika, kuhuisha, kurudisha

Kuwe na daftari moja la ibada. Kila Jumapili: tarehe, jina la Jumapili, masomo, aliyeongoza, aliyehubiri, idadi ya watu wazima na watoto, sadaka, mambo ya kumwambia mchungaji. Ukurasa mmoja, dakika tano. Mchungaji akija mwisho wa mwezi mwonyeshe kabla hajauliza. Daftari hilo ndilo litakalokutetea siku mtu akisema mtaa umelala au fedha hazionekani.

Leseni nyingi zina tarehe ya kuisha. Miezi mitatu kabla, mkumbushe mchungaji kwa barua. Ikiisha kabla haijahuishwa, kaa kwenye benchi na waumini mpaka jibu lije, na useme kwa nini. Askofu mpya akiingia, uliza kama leseni za zamani zinaendelea au zinatolewa upya.

Ukitengwa, au nyumba yako ikipata shida kubwa, usisubiri kuondolewa. Omba kupumzika kwa barua, mkabidhi mzee wa kanisa funguo, daftari, vitabu na vazi, mkisaini orodha. Ukihamia kwingine, hata kama ni kutoka Chamwino kwenda Mpwapwa, ambako ni dayosisi nyingine, leseni haihami nawe. Irudishe ofisini ilikotoka, omba barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wako, mpelekee mchungaji wa huko, na Jumapili ya kwanza ukae nyuma na familia yako.